TEZI, OMO NA NGAMA: LUGHA YA CHOMBO KATIKA DHORUBA NA MSOMAJI WA KIANJOKOMA

1. Utangulizi

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya huhifadhi mapema ni hii: Hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwanafunzi wa Kianjokoma, katika nyanda za juu za Embu, huyajua matumizi yake. Mtu hata akienda mbali kiasi gani, mwishowe hurudi kwao. Akiulizwa hivyo hujibu, na hupewa alama zake. Lakini akiulizwa tezi ni nini, omo ni wapi, na kwa nini arudiye arudi ngamani wala si penginepo, hunyamaza. Na mara nyingi mwalimu wake hunyamaza pamoja naye.

Ukimya huo ndio unaozungumziwa katika makala haya. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za Kenya, na maelfu ya wanafunzi wa bara wakapokea lugha ambayo sehemu kubwa ya semi zake ilizaliwa vyomboni. Walipokea maneno bila chombo. Wamefundishwa kwamba mambo “huenda mrama”, kwamba mipango miwili “huenda sanjari”, kwamba ligi ya mpira “imeng'oa nanga”. Na wamejifunza semi hizo kama mtu anavyojifunza majina ya watu asiopata kuwaona.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa safari ya baharini katika hali mbaya ya hewa si orodha ya majina ya kale bali ni mfumo. Kila neno katika mfumo huo hupata maana yake kwa kuhusiana na mengine, na uhusiano huo huonekana wazi zaidi pale chombo kinapopigwa na upepo mkali, kikiwa kimebeba watu ambao nahodha hawezi kukubali kuwapoteza. Kianjokoma imechaguliwa kwa makusudi. Iko mbali na bahari, na hivyo ni mahali pazuri pa kupima kama maneno haya yanaweza kufundishwa kwa watu wasiopata kuliona tanga. Aidha, kama itakavyoonekana, haiko mbali na bahari kama inavyodhaniwa.

2. Kianjokoma na pepo za bahari

Kianjokoma iko kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, katika ukanda wa chai na kahawa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Yafaa ikumbukwe kwamba hata kimo cha mlima hupimwa kuanzia baharini. Mito iteremkayo upande huu humiminika katika Tana, na Tana huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini, kusini ya visiwa vya Lamu. Udongo uoshwao na mvua katika vilima hivi huwa sehemu ya maji mekundu ambayo mabaharia wa Kipini huyaona yakienea baharini wakati wa mafuriko.

Lakini kiungo kikubwa kuliko mto ni upepo. Pwani ya Afrika ya Mashariki hutawaliwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, takriban kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, na ukali wake huwa mkubwa mnamo Juni na Julai. Baina ya pepo hizo kuna vipindi ambapo upepo hauna shauri moja. Hugeuka, hutulia, huvuma tena. Vipindi hivyo huitwa maleleji au tanga mbili, kwa kuwa mtu aweza kutweka tanga kuelekea huku au kule.

Sasa, vipindi vya maleleji ndivyo vinavyolingana na majira ya mvua kule Kianjokoma: mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Unyevu unaoinyeshea michai ya Embu hutoka katika Bahari ya Hindi, huletwa na pepo zile zile, na hupanda miteremko ya mlima hadi ukageuka mawingu na mvua. Mkulima wa Kianjokoma na nahodha wa Lamu, kwa hiyo, hungojea habari moja kutoka angani, ila kila mmoja huisoma kwa haja yake.

Lugha yenyewe inaushuhudia uhusiano huo. Mkazi wa Kianjokoma akisema kwamba kilele cha mlima kiko kaskazini-magharibi ya kwake, ametaja upepo bila kujua. Kaskazini ni kule itokako kaskazi. Kusini ni kule itokako kusi. Hali kadhalika neno mwaka, ambalo bara ni miezi kumi na miwili tu, katika matumizi ya pwani hutaja pia msimu wa mvua kubwa, wakati vyombo vingi vilipopandishwa ufukoni kungoja bahari itulie. Nalo neno mwambao limetokana na kitenzi kuambaa, yaani kupita kandokando ya kitu bila kukigusa. Mwambao ni pwani kama aionavyo mtu aliye chomboni, anayeipita kwa hadhari. Pwani nayo ni mahali maji yanapopwa. Hivyo nchi kavu yenyewe imepewa majina na watu walioitazama kutoka majini.

3. Chombo na pande zake

Kabla ya kuingia katika dhoruba, hapana budi kukieleza chombo kwa ufupi. Neno chombo ndilo tatizo la kwanza. Kwa mwanafunzi wa bara vyombo ni sufuria, sahani na vikombe. Kwa mtu wa pwani chombo, kinapotajwa bila maelezo zaidi, huwa ni jahazi, mashua, dau au ngalawa. Maana hizi mbili haziko mbalimbali: kila chombo ni kitu chenye uwazi ndani kiwezacho kubeba au kuzuia maji. Tofauti ni kwamba sufuria huzuia maji yasitoke, na jahazi huzuia maji yasiingie.

Sehemu ya mbele ya chombo ni omo. Ya nyuma ni tezi, ambapo huwapo usukani na mkono wake, kana. Chini kabisa, juu ya mkuku, kuna ngama, mahali maji yaingiayo chomboni yanapokusanyika. Katikati husimama mlingoti, na juu yake huvutwa foromali, mti mrefu unaobeba tanga. Kamba ya kuipandishia foromali ni henza.

Jozi muhimu kuliko zote, hata hivyo, ni goshi na demani. Tanga la jahazi lina pembe. Pembe ya mbele ya chini, pamoja na kamba yake, ni goshi. Kamba ya pembe ya nyuma, ambayo kwayo tanga hukazwa au kulegezwa, ni demani. Kutokana na hapo, upande wa chombo unaotazama utokako upepo huitwa goshini, na upande ule upepo unakokwendea huitwa demanini. Maneno haya hayana mahali maalumu chomboni kama vile tezi na omo zilivyo na mahali pao. Upepo ukigeuka, au chombo kikigeuka, goshini huwa demanini. Hapa ndipo kamusi nyingi zinapomwacha msomaji, kwani hueleza goshi na demani kana kwamba ni vitu vya kushikika tu, hali ni majina ya uhusiano baina ya chombo na upepo.

4. Dhoruba: kazi na maneno yake

Tuseme jahazi limetoka Mombasa kwenda Lamu katika msimu wa kusi. Ndani yake mna shehena na mna jamaa: wazee, akina mama na watoto, waendao arusini au wanaorudi kwao. Safari kama hizi zilikuwa jambo la kawaida katika visiwa na miji ya mwambao kabla ya barabara na magari kuzipunguza. Mara nyingi mabaharia nao ni ndugu wa nahodha, mtu na mdogo wake, mjomba na mpwawe. Hata hivyo wakiwa kazini hakuna mjomba, kuna nahodha. Ndiyo maana ya methali isemayo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hiyo hukumbusha kwamba katika upepo mkali amri mbili, hata zikiwa zote ni sahihi, huua.

Mrama ni mwendo wa chombo kinachoyumbayumba kwa mawimbi, kikiinama upande huu na upande huu. Chombo kuyumba si ajabu. Kila chombo huyumba. Kwenda mrama ni kuyumba kupita kiasi, hadi usukani haukitawali tena. Katika safari ya kusi hatari ya mrama ni kubwa kwa sababu upepo hutoka upande wa tezi, na mawimbi hukifuata chombo kwa nyuma. Wimbi likiinua tezi, usukani huweza kutoka majini au kukosa nguvu. Omo hugeuka, na chombo hukaa ubavu mbele ya wimbi linalofuata. Mshika usukani, kwa hiyo, hatazami mbele tu; hana budi kuyasikiliza mawimbi yaliyo nyuma yake.

Upepo unapozidi, jambo la kwanza ni kulegeza demani ili tanga lipunguze nguvu. Jambo la pili ni kupunguza tanga. Hapa jahazi lina desturi yake. Vyombo vikubwa vilichukua matanga ya ukubwa mbalimbali, na upepo ulipozidi, tanga kubwa lilituliwa na dogo likafungwa mahali pake. Kutua tanga maana yake ni kulishusha, na kinyume chake ni kulitweka. Kazi hiyo huhitaji foromali ishushwe, tanga lifunguliwe, jingine lifungwe, kisha foromali ivutwe tena kwa henza. Na yote hayo hufanywa wakati chombo kinayumba. Nahodha mwema hufanya hivyo kabla ya dhoruba, na si ndani yake. Hekima ya nahodha haionekani katika ushujaa bali katika wakati anaouchagua.

Jambo la tatu ni kugeuka. Chombo kiendacho kinyume cha upepo hubisha: hukata huku, kisha kule, kikijongea kidogo kidogo. Upepo unaokipinga huitwa upepo wa mbisho, na ukija moja kwa moja kutoka mbele huitwa upepo wa omo. Jahazi, kwa umbo la tanga lake, halipendi kubisha. Kulipindua ni kazi nzito, kwa kuwa foromali haina budi kusimamishwa wima na kupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Upepo ukiliwahi tanga kwa upande usio wake, ukaligandamiza kwenye mlingoti, mlingoti waweza kuvunjika au chombo kikapinduka. Kwa sababu hiyo mabaharia walipendelea kungoja msimu kuliko kubishana nao, na biashara ya bahari nzima ikapangwa kwa kalenda ya kaskazi na kusi.

Jambo la nne, ambalo ndilo kiini cha methali ya mwanzo, hufanyika chini. Kila chombo cha mbao huingia maji kidogo katika maungo ya mbao zake, hata kikiwa kimekalafatiwa vizuri. Katika dhoruba mbao hupindana, maungo hufunguka, na mawimbi huruka juu ya ubavu. Yote hushukia ngamani. Mabaharia hushuka wakafua maji, yaani huyateka na kuyamwaga nje. Msomaji wa bara, ambaye kwake kufua ni kufua nguo, akisoma kwamba watu “walifua maji usiku kucha” hushangaa maji yalikuwa na uchafu gani. Lakini kazi hiyo ndiyo inayoamua kama chombo kitaiona asubuhi. Maji yaliyomo ngamani hukifanya chombo kuwa kizito. Tena hukimbilia upande kilikoinamia, na hivyo huzidisha ule mrama wenyewe. Kazi hiyo haihitaji ubingwa. Abiria aweza kuifanya, na katika safari ya jamaa ndiyo ambayo kila mwenye mikono huitwa kuifanya.

Baharia, basi, aweza kuitwa tezi kushika usukani, au omo kuitazama njia na kuishika goshi. Lakini kazi ikiisha huko, hurejea ngamani, kwa maana maji hayangoji. Methali haisemi tu kwamba mtu hurudi kwao. Husema kwamba mtu hurudi kwenye kazi inayowaweka hai wote waliomo pamoja naye. Hii ndiyo maana inayopotea pale ngama inapofafanuliwa kwa neno “nyumbani” na kuachwa hapo.

Ikiwa kufua hakutoshi, husalia kutosa: kuitupa shehena baharini ili chombo kiwe chepesi. Hapo mali hulinganishwa na roho. Kitenzi hiki hutumika leo kwa mtu aliyeachwa na mwenziwe au mwanasiasa aliyeachwa na chama chake, na ukali wake hupungua kwa kuwa msikiaji hakumbuki kwamba anayetosa hufanya hivyo ili wengine wapone. Na ikiwa hata kutosa hakufai, kuna methali ya mwisho: chombo cha kuzama hakina usukani.

5. Safari za jamaa katika historia

Mambo haya si ya kubuni. Mnamo Novemba 1843 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alisafiri na mkewe Rosine kutoka Aden kwa chombo cha tanga wakielekea pwani ya Afrika ya Mashariki. Bahari ilichafuka, chombo kikaingia maji kuliko walivyoweza kuyafua, ikawalazimu kurudi Aden, ambako waliokolewa karibu na bandari. Muda mfupi baadaye walipata chombo kingine, wakaambaa na pwani kuelekea kusini, na mapema Januari 1844 wakafika Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Rosine alifariki Mombasa, na mtoto wao mchanga akafa pia.

Kwa mwanaisimu, safari hiyo ina umuhimu wa pekee. Aliyenusurika ndiye aliyekuja kuandika kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Msingi wa kamusi hiyo ni lugha ya Mombasa, mji wa mabaharia. Na mtu huyo huyo, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Ukambani, aliuona kwa mbali mlima wenye theluji ambao miteremko yake ndiyo inayobeba Kianjokoma, akaandika habari zake kwa wasomaji wa Ulaya. Bahari na mlima, ambavyo darasani hutenganishwa, vilikutana mapema katika maandishi ya mtu mmoja.

Safari za jamaa hazikwisha na karne ile. Vita vilipozuka nchini Somalia mwaka 1991, familia za Wabajuni kutoka Kismayu na visiwa vilivyo kusini yake zilikimbia kwa mashua na majahazi hadi Lamu, Malindi na Mombasa. Mwenye kujua mfumo ulioelezwa hapo juu huelewa mara moja tofauti baina ya jamaa iliyotoka huko mnamo Februari na ile iliyotoka mnamo Juni. Ya kwanza ilisukumwa na kaskazi. Ya pili ilikuwa na kusi usoni, na kila hatua ilikuwa ya kubisha.

Wala haidhaniwi kwamba mashine zimeiondoa hatari. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, meli ya abiria MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa, na watu wengi wakapoteza maisha, watoto wakiwamo. Taarifa za hali ya hewa za Tanzania huonya siku hizi kwa maneno kama “upepo mkali” na “mawimbi makubwa”, pamoja na kasi ya upepo kwa kilomita na kimo cha wimbi kwa mita. Taarifa hizo ni za thamani kubwa. Lakini tarakimu huieleza bahari peke yake. Lugha ya manahodha huieleza bahari pamoja na chombo, kwa sababu upepo ule ule ni rafiki kwa aliye nao tezi na ni adui kwa aliye nao omo. Lugha hiyo ikipotea, tarakimu zitabaki, lakini swali la maana kuliko yote, kwamba upepo huu una shauri gani na chombo hiki, litakosa maneno ya kulijibia.

6. Maneno yaliyopanda bara

Maneno ya chombo yamesafiri mbali na bahari. Kianjokoma yenyewe huyatumia kila siku. Dereva wa lori la majani chai hushika usukani. Kiongozi wa timu ya shule ni nahodha. Aendeshaye ndege ni rubani, jina la yule aliyeongoza vyombo baina ya miamba. Dira, chombo cha kuonyeshea pande za dunia, imekuwa jina la mpango wa taifa, kama katika Dira ya Maendeleo ya Tanzania. Sanjari, ambalo lilikuwa neno la vyombo vinavyosafiri kwa kufuatana, sasa ni neno la ofisini: jambo hufanywa “sanjari na” jingine.

Hata hivyo yafaa mtafiti awe na hadhari. Si kila neno lifananalo na la bahari limetoka baharini. Kitenzi kubisha hutumika kwa chombo, kwa mtu mbishi na kwa mtu abishaye mlangoni. Maana mbili za kwanza zinaunganishwa na wazo la kwenda kinyume. Ya tatu haifai kulazimishwa kuingia humo. Kadhalika neno matanga, kwa maana ya siku za msiba. Wako waelezao kwamba limetokana na matanga ya vyombo, ambayo zamani, katika mitepe ya Lamu, yalisukwa kwa majani kama mikeka, na kwamba waliofiwa walilalia mikeka ya namna hiyo. Maelezo hayo yanavutia, lakini kuvutia si ushahidi.

Tena haifai kudhani kwamba watu wa mlimani hawana kumbukumbu yoyote ya kuvuka maji. Mapokeo ya Wameru, jirani za Waembu, husimulia kwamba mababu zao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, walikotawaliwa na watu wa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Na kwamba waliondoka chini ya uongozi wa Koomenjoe wakavuka maji makubwa. Waliovuka usiku, alfajiri na mchana wakawa makundi matatu: Njiru, Ntune na Njeru, weusi, wekundu na weupe. Baadhi ya wanahistoria wameilinganisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, wengine hawakubali. Kwa makusudi ya makala haya, la kuzingatia ni jambo moja. Katika masimulizi hayo maji yaligawanyika, watu wakapita kwa miguu. Ni safari ya jamaa nzima kupita maji, lakini haina chombo, haina tanga, haina ngama. Mwanafunzi wa mlimani, basi, hakosi hadithi ya kuvuka. Anachokosa ni chombo.

7. Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na hayo yote, mambo matatu yanapendekezwa kwa walimu na watunga kamusi.

Kwanza, maneno ya chombo yafundishwe kwa jozi na kwa kazi, wala si kwa orodha. Tezi isifundishwe bila omo, goshi bila demani, kutweka bila kutua. Picha moja ya jahazi ubaoni, yenye mshale wa kuonyesha upepo, humfaa mwanafunzi kuliko maelezo ya kurasa mbili. Na mshale huo ukigeuzwa, wanafunzi watakiwe kutaja upya upande wa goshini ni upi.

Pili, mwalimu aanzie palipo karibu. Mtoto wa Kianjokoma amepata kuliona lori lililojazwa kupita kiasi likienda tenge kwenye barabara ya udongo mwekundu wakati wa mvua, na abiria wakihamia upande wa pili bila kuambiwa. Ameona upepo ukiilaza migomba upande mmoja. Ameuvuka mto uliofurika kwa kuukata mshazari. Mambo hayo si bahari, lakini sheria za uzito na nguvu ni zile zile, na kutoka hapo hadi kwenye mrama ni hatua fupi. Mwalimu awaulize pia juu ya upepo uletao mvua yao, umetoka wapi. Wataliona wenyewe jina la kusi ndani ya neno kusini.

Tatu, wakusanyaji wa msamiati wasikawie. Kamusi ya Krapf ya 1882, zile za Johnson na Sacleux za 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 zimehifadhi mengi. A. H. J. Prins, katika kitabu chake cha 1965 kuhusu usafiri wa baharini wa Lamu, alikusanya mengine. Lakini kamusi huhifadhi jina la kamba. Haihifadhi mkono unaojua wakati wa kuilegeza. Ujuzi huo ungali kwa wazee wachache wa Lamu, Pate, Pemba, Unguja na kwingineko mwamboni, na kila mwaka injini hupunguza idadi ya vijana wenye haja ya kuwauliza.

Lugha ya taifa zima haiwezi kudai kwamba kila mzungumzaji wake awe baharia. Yaweza kudai, hata hivyo, kwamba mzungumzaji ajue maneno yake yamebeba nini. Mwanafunzi wa Kianjokoma akishaelewa kwamba ngama ni mahali pa kufulia maji, mahali ambapo jamaa nzima hushuka pamoja ili chombo kisizame, ataisoma ile methali upya, na marejeo yake hayatakuwa tena starehe ya kufika nyumbani, bali zamu yake ya kufua maji.